Nani hupasha ioni za upepo wa Jua?

Swali: Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, Iringa. Darasani tunasema gesi ikipanuka bila kuongezewa joto, hupoa. Upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji, unatoka kwenye korona, tabaka la nje la Jua lenye nyuzi zaidi ya milioni moja, unapanuka kuelekea kwenye sayari, lakini nimesoma kwamba haupoi kadiri inavyotakiwa. Nimesoma pia kwamba ioni za heliamu na oksijeni zina halijoto kubwa kuliko protoni, ingawa zinasafiri pamoja. Chembe zenyewe karibu hazigongani. Sasa nani anazipasha? Wanafunzi wangu nao wana lao: chombo cha Wamarekani kilichoingia ndani ya korona, mbona hakiyeyuki?

Jibu: Mwalimu, tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu hatuna haki ya kusema kitu "hakipoi kadiri inavyotakiwa". Upepo wa Jua ukishajitoa karibu na Jua, mwendo wake haubadiliki sana. Ule wa polepole huenda kama kilomita 400 kwa sekunde, ule wa kasi huenda 700 au zaidi. Mwendo usipobadilika, chembe zilezile hutawanyika kwenye eneo linalokua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo msongamano hushuka kwa mraba wa umbali. Gesi ya chembe mojamoja isiyoongezewa joto, nayo, halijoto yake hufuata msongamano kwa kipeo cha 2/3. Unganisha hayo mawili na unapata kwamba halijoto ya upepo wa Jua ingepaswa kushuka kwa umbali kwa kipeo cha 4/3. Wanafunzi wako wa kidato cha sita wanaweza kuifanya hesabu hii ubaoni kwa dakika chache.

Sasa ilinganishe na vipimo. Vyombo viwili vya Helios, vilivyotengenezwa na Ujerumani Magharibi kwa kushirikiana na NASA na kurushwa Desemba 1974 na Januari 1976, vilikaribia Jua hadi 0.29 ya umbali ulioko kati yetu na Jua. Kutoka 0.3 hadi kwenye umbali wa Dunia, kanuni ya kipeo cha 4/3 inataka halijoto igawanywe kwa 5. Protoni za upepo wa kasi zilipoa kwa mara 2 hadi 3 hivi. Ukienda mbali zaidi, pengo linazidi kupanuka. Kutoka kwenye Dunia hadi umbali wa sayari Neptune, ambao ni mara 30, halijoto ingegawanywa kwa zaidi ya 90, na protoni yenye kelvini 100,000 hapa kwetu ingefika huko ikiwa na kelvini elfu moja na kidogo. Chombo cha Voyager 2 kilipima huko karibu kelvini 10,000. Kwa hiyo ni kweli, kuna mtoaji wa nishati, na hatoi mara moja pale kwenye korona akaishia hapo. Anaendelea kutoa njiani.

Jibu fupi la swali lako ni kwamba mtoaji huyo ni uga wa sumaku unaotikisika, yaani mawimbi na msukosuko unaosafiri ndani ya upepo wenyewe. Lakini ukiishia hapo umesema jambo ambalo watu walilisema tangu miaka ya 1960. Utamu wa swali uko kwenye namna mtikisiko huo unavyogeuka kuwa joto bila chembe kugongana, na kwa nini joto hilo linagawiwa kwa upendeleo.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Hakuna anayetumbukiza kipimajoto kwenye upepo wa Jua. Chombo kina kifaa, kwa mfano kikombe cha Faraday, kinachohesabu chembe zenye mwendo fulani, kisha zenye mwendo mwingine, hadi unapata mchoro wa chembe ngapi zinakwenda kwa mwendo gani. Kilele cha mchoro ndicho mwendo wa upepo. Upana wa mchoro ndio halijoto. Kadiri chembe zinavyotofautiana mwendo baina yao, ndivyo tunavyosema kuna joto zaidi. Katika gesi ya chumbani upana huo ni mmoja kwa molekuli zote na kwa pande zote, kwa sababu zinagongana mara mabilioni kwa sekunde na kugawana nishati sawasawa. Karibu na Dunia upepo wa Jua una protoni 5 hadi 10 tu katika sentimita moja ya ujazo, na protoni moja inaweza kusafiri umbali unaokaribia ule wa kutoka kwenye Jua hadi hapa bila kugongwa sawasawa na yeyote. Matokeo yake ni kwamba elektroni zina halijoto yao, protoni yao, heliamu yake. Tena kila aina ina halijoto mbili: moja ya mwendo ulio sambamba na mistari ya sumaku, nyingine ya mwendo unaoikatiza kwa pembe mraba. Hii "ya kukatiza" uikumbuke, ndiyo itakayotupeleka kwa mhusika.

Kwa upande wa protoni, karibu na Dunia upepo wa polepole una kelvini kama 40,000 hadi 50,000, na ule wa kasi huzidi 200,000. Elektroni hazitofautiani kiasi hicho, ziko kwenye 100,000 na kidogo katika aina zote mbili. Hapa pana kitendawili ambacho mimi hupenda kuwapa wanafunzi wangu. Upepo wa kasi hutoka kwenye mashimo ya korona, sehemu ambazo mistari ya sumaku imefunguka kuelekea angani, na sehemu hizo elektroni zake ni za baridi kuliko za korona inayozizunguka. Yaani upepo uliotoka mahali palipopoa ndio unaofika na protoni za moto. Anayedhani joto la upepo ni mabaki tu ya joto la korona, hapo hana pa kutokea.

Ioni nzito ndizo zinazoumbua nadharia nyingi. Heliamu iliyopoteza elektroni zake zote mbili ni kama asilimia 4 au 5 ya chembe za upepo. Uzito wake ni mara 4 ya protoni. Kama kitu fulani kingezipa aina zote mtawanyiko uleule wa mwendo, halijoto ya heliamu ingekuwa mara 4 ya protoni, kwa kuwa halijoto inafuata uzito na mraba wa mtawanyiko. Katika upepo wa kasi uwiano hufika 4 na mara nyingi hupita. Chini kabisa, karibu na chanzo, hali ni ya kustaajabisha zaidi. Chombo cha SOHO, kilichorushwa Desemba 1995, kilikuwa na kifaa kiitwacho UVCS kilichosoma mwanga wa urujuanimno wa korona baada ya kuuziba uso wa Jua wenyewe. Mstari wa mwanga wa ioni ya oksijeni iliyopoteza elektroni 5 ulikutwa umepanuka mno, kwa sababu ioni zinazotukimbilia na zinazotukimbia hubadilisha kidogo rangi ya mwanga wake. Upana ule ulimaanisha halijoto ya kukatiza inayozidi kelvini milioni 100, katika umbali wa nusukipenyo kama 3 za Jua kutoka katikati yake. Protoni za hapohapo zilikuwa na milioni 2 au 3. Kitovu cha Jua chenyewe, kwenye tanuru la nyuklia, kina milioni 15. Oksijeni ni nzito mara 16 kuliko protoni, na bado halijoto yake ilipita mbali kiwango cha mara 16.

Kwa hiyo mtuhumiwa wetu ana alama tatu: anapasha bila kugonganisha, anapendelea ioni nzito kupita uwiano wa uzito, na anaongeza mwendo wa kukatiza sumaku kuliko ule wa sambamba nayo. Alama hiyo ya tatu ilionekana pia kwenye Helios. Upepo unapopanuka na uga wa sumaku kudhoofika, nishati ya kukatiza ingepaswa kushuka pamoja na uga, na uga hushuka haraka. Lakini katika upepo wa kasi, Helios ilipokaribia Jua zaidi, ilikuta halijoto ya kukatiza ya protoni ikiwa mara 2 ya ile ya sambamba au zaidi. Kuna kitu kilikuwa kinaijaza kwa kasi kuliko upanuzi ulivyoiondoa.

Nishati yenyewe inatoka chini. Uso wa Jua unachemka, na mizizi ya mistari ya sumaku husukumwa huku na kule na gesi inayopanda na kushuka. Mstari wa sumaku uliopachikwa ndani ya plazima, yaani gesi yenye chaji, una mvutano, na ukitikiswa chini, mtikisiko hupanda. Hayo ndiyo mawimbi ambayo Hannes Alfvén wa Sweden aliyatabiri mwaka 1942, na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Mwaka 1971 John Belcher na Leverett Davis walionyesha, kwa data za chombo cha Mariner 5, kwamba upepo wa Jua umejaa mawimbi hayo, na kwamba mengi yanaelekea nje, yaani yanatoka kwenye Jua. Mwaka 2007 wanasayansi wa chombo cha Kijapani cha Hinode waliyaona yakitikisa tabaka la juu ya uso wa Jua kwa mwendo wa kilomita 10 hadi 25 kwa sekunde. Nishati hiyo inatosha kuusukuma upepo. Vilevile mistari ya sumaku inayokatika na kuungana upya karibu na uso huongeza mitikisiko yake, na hapa wenzangu hubishana nani anachangia zaidi. Kwa swali lako haijalishi sana, kwa sababu nishati ikishatoka hapo husafiri juu kwa njia ileile.

Ugumu ni kwamba wimbi la Alfvén ni kubwa na pole. Urefu wake ni maelfu hadi mamilioni ya kilomita. Protoni inayozunguka mstari wa sumaku karibu na Dunia huchora duara lenye nusukipenyo cha kilomita kama 80 au 100. Wimbi refu kiasi hicho protoni hailihisi kama wimbi. Inasogea nalo, inarudi nalo, na mwisho haikubaki na chochote. Ili nishati iliwe na ioni lazima ivunjwevunjwe hadi ifikie ukubwa wa duara lile.

Kazi hiyo hufanywa na msukosuko. Mawimbi makubwa huvunjika kuwa madogo, madogo kuwa madogo zaidi, na vyombo vinaona nishati ikipungua kadiri ukubwa unavyopungua kwa kipeo kinachokaribia kile alichokitoa Andrei Kolmogorov mwaka 1941 kwa maji na hewa, -5/3. Ila kuna sharti moja lisilokuwepo kwenye maji. Mawimbi ya Alfvén yanayokwenda upande mmoja hupishana bila kusumbuana, na ili yavunjike ni lazima yakutane na yanayokuja upande wa pili. Mengi yanatoka nje. Yanayorudi hutokana na kuakisiwa: mwendo wa wimbi hutegemea msongamano na nguvu ya uga, vyote viwili vinabadilika haraka karibu na Jua, na kila vinapobadilika sehemu ndogo ya wimbi hugeuka na kurudi. Wachache hawa wanaorudi ndio wanaowasha moto wote. Usisahau kwamba ni wachache, tutawahitaji.

Nishati ikishafika kwenye ukubwa wa ioni, mnaingia kwenye ubishi wenyewe.

Wazo kongwe ni la kuendana kwa mzunguko. Ioni huzunguka mstari wa sumaku kwa muda unaopatikana kwa kanuni mnayoifundisha, 2πm/qB. Uga karibu na Dunia ni kama nanotesla 5, kwa hiyo protoni humaliza mzunguko kwa sekunde 13, heliamu kwa 26, na oksijeni iliyopoteza elektroni 6 kwa 35. Ikitokea wimbi ambalo uga wake wa umeme nao unazunguka upande uleule na kwa muda uleule, ioni inauona uga huo kama umesimama na kuisukuma daima kwa mbele. Inaongeza mwendo mzunguko baada ya mzunguko, na inaongeza mwendo wa kukatiza, sio wa sambamba. Ioni nzito huzunguka polepole, kwa hiyo huendana na mawimbi ya marudio madogo kwa sekunde, na kwenye marudio madogo ndiko kwenye nishati nyingi. Alama zote tatu za mtuhumiwa zimetimia. Ndiyo maana matokeo ya UVCS yalipotoka, wengi wetu tuliona kesi imekwisha.

Haikwisha, na sababu ni msukosuko huohuo. Nadharia ya msukosuko wenye uga mkubwa wa sumaku, iliyopangwa vizuri na Peter Goldreich na S. Sridhar mwaka 1995, inasema nishati huvunjika kwa kukatiza uga. Vipande huwa vyembamba sana kwa upana lakini hubaki virefu kwenye mwelekeo wa uga, kama nyuzi. Na marudio ya wimbi la Alfvén yanategemea urefu wake wa sambamba na uga, sio upana. Kwa hiyo unafika kwenye upana wa duara la protoni huku marudio bado yako chini sana ya yale yanayohitajika. Nishati ipo, ukubwa unafaa, lakini hauendani na mzunguko. Nishati hiyo ikiendelea chini zaidi hupita ioni na kwenda kuliwa zaidi na elektroni, kwa njia iliyoelezwa na Lev Landau, ambayo hupasha mwendo wa sambamba. Yaani nadharia bora ya msukosuko tuliyokuwa nayo ilitabiri kinyume cha tunachokipima.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo ilikuwa kuacha sharti la kuendana. Fikiria baiskeli. Kilima kirefu kinaipandisha na kuishusha, na mwendeshaji hafiki mwisho akiwa ametikisika. Mashimo yenye ukubwa wa gurudumu ndiyo yanayomrusha kila upande bila mpango. Duara la ioni nalo ni hivyo: mitikisiko yenye upana wa duara lenyewe, ikiwa na nguvu ya kutosha, huivuruga njia ya ioni hadi duara halifungi. Kila mzunguko inapata au inapoteza nishati kwa bahati, na bahati zikijumlishwa, mtawanyiko unaongezeka. Benjamin Chandran na wenzake waliiandikia hesabu mwaka 2010, na wakaonyesha kwamba kuna kizingiti. Chini ya kiwango fulani cha mtikisiko, ukilinganisha na mwendo wa kawaida wa ioni, upashaji unakufa ghafla. Juu yake unapamba moto. Inapasha kwa kukatiza, na inazipendelea ioni nzito zenye maduara makubwa. Karibu na Jua, mitikisiko ni mikubwa na mimi sina shaka njia hii inafanya kazi. Kwenye umbali wa Dunia, mara nyingi iko karibu mno na kizingiti kwa ladha yangu.

Njia ya pili ni mpya, na ndiyo ninayoielemea. Rudi kwa wale wachache wanaorudi kuelekea Jua. Romain Meyrand na Jonathan Squire wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, pamoja na wenzao, walifuatilia mwaka 2021 na 2022 nini kinatokea pale mawimbi yanayotoka yanapowazidi mno yanayorudi. Waligundua kwamba kanuni za uhifadhi katika plazima haziruhusu msukosuko wa namna hiyo usio na mizani kuvuka kwenda chini ya ukubwa wa duara la ioni. Unagonga kizuizi, walichokiita kizuizi cha helisiti, yaani cha msokoto. Nishati inazidi kumiminwa kutoka juu, chini hakupiti kitu, basi inarundikana. Inaporundikana mitikisiko inakua, na inapokua vipande vinafupishwa pia kwenye mwelekeo wa uga, hadi marudio yao yanafika yale ya mzunguko wa ioni. Hapo yanazaliwa mawimbi yanayoendana na ioni, nayo yanazipasha kwa kukatiza, na elektroni zinabaki na kiasi kidogo. Kwa maneno mengine, kuendana kwa mzunguko kunarudi kwa mlango wa nyuma, na hakurudi kwa kubahatisha. Kunarudi hasa katika upepo wa kasi, ambao ndio wenye mawimbi mengi yanayoelekea upande mmoja, na ndio wenye protoni za moto na elektroni zisizozidi. Kile kitendawili cha mashimo ya korona kinaanza kufunguka chenyewe.

Ushahidi wa vyombo unaunga mkono kwa kiasi kizuri. Parker Solar Probe, chombo kile wanachokiuliza wanafunzi wako, iliyorushwa tarehe 12 Agosti 2018, imekuta mawimbi yanayozunguka kwa marudio ya ioni mara kwa mara karibu na Jua. Na kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu ni cha ujanja. Heliamu mara nyingi huwa mbele ya protoni, ikizizidi mwendo kwa sehemu ya mwendo wa mawimbi ya Alfvén. Ioni inayokimbia pamoja na wimbi hulihisi kama wimbi lenye marudio madogo, kwa hiyo heliamu iliyotangulia sana haiendani tena na mawimbi yanayotoka. Kama kuendana ndiko kunakopasha, basi heliamu isiyotangulia ingekuwa ya moto zaidi, na iliyotangulia ingepunguziwa. Justin Kasper na wenzake walilitazama hilo mwaka 2013 katika vipimo vya chombo cha Wind, na mwelekeo ukawa huohuo. Ni vigumu kuupata mwelekeo huo kwa njia isiyojali marudio.

Usije ukawaambia wanafunzi kwamba kuna njia moja tu. Katika upepo wa polepole na mzito, migongano michache iliyopo ina muda wa kutosha njiani kufanya kazi yake. Ukihesabu migongano ambayo plazima imeipata tangu itoke kwenye Jua, plazima iliyogongana sana ina heliamu na protoni zenye halijoto zinazokaribia kuwa sawa, na iliyogongana kidogo ndiyo inayobaki na ule uwiano mkubwa. Upendeleo ulikuwepo, umefutwa njiani. Na kule mbali alikokwenda Voyager 2 mhusika ni mwingine kabisa. Atomi za hidrojeni kutoka nje ya mfumo wa Jua huingia kama zilivyo, bila chaji, hupoteza elektroni zikiwa ndani, na mara moja huokotwa na uga wa sumaku wa upepo. Kuokotwa huko kunazalisha mawimbi, na mawimbi hupasha protoni za upepo, kiasi kwamba kuanzia umbali wa mara 20 hadi 30 za Dunia halijoto inaacha kushuka na kuanza kupanda. Ukichora ile kanuni ya 4/3 hadi huko, inaachwa mbali chini.

Kwa sehemu ya ndani, kipimo bora kabisa cha miaka ya karibuni kilitokana na bahati ya ratiba. Mwishoni mwa Februari 2022 Parker Solar Probe ilipita kwenye mkondo mmoja wa upepo ikiwa kwenye nusukipenyo kama 13 za Jua, na siku mbili hivi baadaye mkondo uleule ukaifikia Solar Orbiter ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyokuwa kwenye nusukipenyo kama 127. Yeimy Rivera na wenzake walichapisha mwaka 2024 hesabu ya nishati ya mkondo huo. Kile kilichopotea kwenye mawimbi makubwa ya Alfvén katikati ya vyombo viwili kilitosha kueleza joto lililoongezeka na mwendo ulioongezeka. Kabla ya hapo tulikuwa tunalinganisha upepo wa leo hapa na upepo mwingine wa mwaka mwingine kule, tukitegemea wastani ututendee haki.

Sasa wanafunzi wako. Chombo hakiyeyuki kwa sababu halijoto ni mtawanyiko wa mwendo wa chembe, na kinachounguza ni idadi ya juli zinazokufikia kwa sekunde. Wapeni hesabu hii waifanye. Upepo wa chembe 5 kwa sentimita ya ujazo, kilomita 400 kwa sekunde, nishati ya mwendo inayovuka mita moja ya mraba ni nusu ya uzito kwa ujazo mara mwendo kwa kipeo cha 3. Watapata wati 0.0003 hivi. Mwanga wa Jua mahali hapohapo ni wati 1,361 kwa mita ya mraba, yaani kama mara milioni 5. Na hiyo 0.0003 ni nishati ya mwendo wote wa upepo, mtawanyiko tunaouita joto ni sehemu ndogo ndani yake. Tarehe 24 Desemba 2024 Parker Solar Probe ilipita kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso wa Jua, mahali ambapo mwanga ni mkali kama mara 475 ya hapa. Upepo nao umekolea zaidi huko, lakini mwanga bado unaushinda kwa mbali sana. Ngao yake ya kaboni yenye unene wa sentimita 11.4 iliwekwa kwa ajili ya mwanga huo. Kikombe chake cha Faraday ni kimoja kati ya vifaa vichache vinavyochungulia nje ya ngao bila kinga, ili kipokee ioni zenyewe. Kimetengenezwa kwa aloi ya titani, zirkoni na molibdeni, na nyavu za tungsteni, kwa sababu kinapigwa na mwanga. Plazima yenye nyuzi milioni moja inayopita ndani yake haikukiongezea moto wa kuhofia.